Halvor Brekke na La ya Mara ya Kwanza

Baba mkwe wangu, Halvor Brekke, hakuwahi kukubali kitu mara ya kwanza anapoulizwa. Ukimkaribisha kahawa atakwambia usijisumbue. Ukirudia, atasema basi labda, kama imeshapikwa. Ukiuliza mara ya tatu ndipo anavuta kiti, na hapo anakunywa birika zima na biskuti anazimaliza. Wala si yeye peke yake. Hedvik nzima ndivyo ilivyo, huu mji wetu wa Minnesota magharibi, mji wa Wanorwei waliokuja kulima ngano, kukamua ng'ombe na kunyamaza. Mimi nimezaliwa Chicago, kwa Wapolandi, ambako mtu mwenye njaa husema ana njaa, na akikasirika hadi majirani wa ghorofa ya juu wanajua sababu. Siku niliyoolewa na Lyle, mtoto wa Halvor, nilipita na sinia la nyama kwa wageni, wakaniambia la, asante, nami nikalirudisha jikoni. Ukumbi mzima ukabaki unautazama mlango wa jikoni kwa macho ya yatima. Mama mkwe wangu, Ardis, akanivuta pembeni.

"Danuta, mwanangu, unataka kutuulia wageni kwa njaa?"

"Si wamekataa, mama?"

"Nani kakataa? Wamesema la tu. Hebu rudi na hilo sinia."

Huyo Ardis mwenyewe alimkataa Halvor mara mbili kwenye dansi za kanisani kabla ya kumkubali, na kila aliyesimulia habari hiyo aliisimulia kama jambo la adabu. Waliishi pamoja kwenye shamba la maziwa lililoko barabara ya kaskazini, wakaamka kabla ya jua maisha yao yote, wakamlea Lyle na kumsomesha. Mwaka mmoja mashine ilimkata Halvor kidole. Alikifunga kwa kitambaa cha kufutia viwele, akamaliza kukamua, akaja mezani, na mkewe alipoona damu na kuuliza kulikoni, akajibu, "Sio mbaya sana." Hayo maneno matatu ndiyo yalikuwa jibu lake kwa kila kitu. Ukame, sio mbaya sana. Bei ya maziwa ilipoanguka hadi ikabidi auze ng'ombe, sio mbaya sana. Tulipomzika Ardis alisimama kaburini mikono mfukoni, mchungaji akamuuliza anaendeleaje, naye akajibu vilevile. Nilitamani kumpiga kofi, halafu nimkumbatie.

Majira ya baridi aliyoteleza kwenye barafu mbele ya banda, ng'ombe walikuwa wameshauzwa zamani, ila yeye bado alikuwa anakwenda bandani kila alfajiri kuhakikisha kwamba hamna kitu. Nyonga ilivunjika. Hospitali wakampasua na kumwekea vyuma, kisha wakashauri apelekwe nyumba ya wazee ya pale mjini, akae apate mazoezi mpaka aweze kutembea. Tukaona sawa. Tuliijua ile Nyumba. Miaka ya nyuma ilikuwa chini ya watu wa hapahapa, na wahudumu wake walikuwa mabinti wa wakulima waliojua kila mzee anapenda kahawa gani. Tusichokizingatia ni kwamba ilikuwa imeshauzwa kwa kampuni ya mbali, na kampuni ikapunguza watu. Wale mabinti wakaondoka mmoja mmoja. Wakaletwa vibarua wa wakala, leo huyu, kesho yule, mtu mmoja kapewa korido nzima. Sikuwachukia wale vibarua na mpaka leo siwachukii. Nimewaona wakikimbia kwenye korido na jasho linawatoka.

Sasa fikiria. Mzee kalala chali na nyonga mpya, hawezi kujigeuza mwenyewe. Mhudumu anachungulia mlangoni. "Babu, nikugeuze?" Na Halvor, mtu wa Hedvik tangu kuzaliwa, anajibu kama alivyofundishwa na mama yake: "Usijisumbue." Mhudumu anaandika kwamba mkazi amekataa, anakwenda kwa mwingine. Halvor anabaki anautazama mlango, anangoja aulizwe tena.

Hatukujua hayo. Kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda kumwona, mimi na Lyle, na kila Jumapili mazungumzo ya baba na mwana yalikuwa ya kunifanya nipige miayo.

"Vipi, baba?"

"Sio mbaya sana."

"Wanakupa chakula?"

"Kinalika."

Baada ya hapo wanaongea theluji mpaka muda wa kuondoka. Nikimwambia Lyle garini kwamba mzee anakonda, na ngozi yake imekuwa kama karatasi, ananijibu kwamba kama kungekuwa na tatizo baba angesema. "Baba yako?" namuuliza. "Baba yako aseme? Yule aliyeleta damu mezani?" Lyle anaongeza sauti ya redio.

Jumapili moja nilimpelekea lefse, chapati zao za viazi, nimezipaka siagi na sukari kama anavyozipenda. Nilijua utaratibu. Nikafungua kitambaa.

"Baba, nimekuletea lefse."

"Ndiyo, nipe."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Na kahawa je?"

"Ndiyo. Lete."

Lyle akatabasamu. "Unaona? Hamu ya kula imemrudia."

Nikakifunga tena kile kitambaa. "Lyle," nikamwambia, "baba yako anakufa."

"Wewe mwanamke, kwa sababu kakubali chapati?"

"Kakubali mara ya kwanza!"

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na bado alikuwa anatetemeka kama mtu mwenye homa kali, anapumua haraka haraka. Akanitazama bila kunitambua, akamgeukia Lyle na kumuuliza kama ameshamkamua yule ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika. Ng'ombe huyo alikufa kabla sijamjua Lyle. Nikalifunua blanketi. Kisigino kilikuwa cheusi. Nikamgeuza ubavu, na pale chini ya mgongo palikuwa na kidonda cha kulalia ambacho sitakieleza, kwa sababu watu wanasoma wakiwa wanakula. Lyle alikwenda kusimama ukutani akaziba mdomo.

Nilipiga kelele za Chicago. Muuguzi wa zamu akaja, mmoja kwa jengo zima, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akasema ni mafua yanazunguka, daktari atapita Jumatatu. Nikamwambia Jumatatu tutakuwa tunachagua jeneza. Nikaita ambulensi mwenyewe kwa simu yangu, nikakaa nimemshika mzee mkono mpaka ilipofika.

Hospitalini daktari alitueleza kwamba ni sepsisi. Wadudu wa maradhi wametoka kwenye kidonda wakaingia kwenye damu, na mwili katika kupambana nao umeanza kujiangamiza wenyewe. Ndiyo maana shinikizo la damu limeshuka, figo zimechoka na akili imepotea njia. Akasema kwa mzee kama huyu saa moja ni kitu kikubwa, na kwamba kama tungeondoka pale tukarudi siku ya pili, tungemkuta amekwisha. Wakamjaza dripu na antibayotiki, wakakikata kile kidonda mpaka kwenye nyama nzima, wakamlaza chumba cha mahututi na mashine zinamlilia kichwani. Lyle hakula. Mimi nilisali rozari kwa Kipolandi kwenye korido iliyojaa Walutheri, na hakuna aliyenikataza.

Siku alipozinduka nilikuwepo. Alifumbua macho, akaangalia dari, akaangalia ile nguo waliyomvika, akaonekana kutoipenda. Muuguzi akaja na glasi na mrija.

"Mzee Halvor, maji kidogo?"

"Usijisumbue," akasema, sauti kavu kama pumba.

Niliruka kwenye kiti. Nilicheka na kulia kwa pamoja, yule muuguzi akadhani nimepagawa. Alikuwa ameshageuka kuondoka na glasi yake. "Rudi hapa!" nikamwambia. "Muulize tena! Amerudi, baba yetu amerudi, muulize tena!" Tangu nizaliwe sijapata kufurahi namna ile kwa mtu kukataa maji.

Basi, amepona, tumeshukuru Mungu, tumalizie hapo? Hivyo ndivyo Lyle alivyotaka. Tulimchukua mzee nyumbani kwetu, tukamwekea kitanda chumba cha chini, muuguzi wa kuzunguka akawa anakuja kusafisha kidonda. Mimi nikasema twende kwa wakili. Lyle akaniambia katika Hedvik watu hawashtakiani, binamu ya mchungaji anapika pale, tutakaaje kanisani? Nikamwambia tutakaa kwa makalio, kama siku zote. Hatukusemeshana wiki nzima, hadi nguo safi zikaisha kabatini. Na mwenye kidonda mwenyewe alikuwa upande wa mwanawe. "Sitaki kuleta usumbufu," alisema. Nikamuuliza mara ya pili, na ya tatu, kwa kuwa mimi nimeshajifunza, naye bado alikataa. Ile ilikuwa la ya kweli.

Kilichombadilisha ni Orrin. Orrin Fjelstad alikuwa jirani yake wa shamba la pili, na pale Nyumba walipakana vyumba. Alikuwa amepooza upande mmoja. Siku moja nilikuwa nambadilishia mzee shuka, nikasema tu, bila ujanja wowote, kwamba nimempitia Orrin na kumkuta amelala.

Halvor akanigeukia. "Amelalaje?"

"Chali."

"Nani anamgeuza?"

"Baba, hakuna. Nani wa kumgeuza?"

Alitazama dirishani. "Orrin naye hawezi kusema kwamba anaumia," alisema. Halafu akasema, "Mwite huyo wakili."

Kwanza tulipeleka malalamiko idara ya afya ya jimbo, nao wakatuma wakaguzi. Halafu tukaenda kwa Marlys Tveit, ambaye ofisi yake iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Marlys ni binti wa mkulima wa kaunti ya jirani, mwanamke mnene, mpole, anayefuma vitambaa huku anakusikiliza. Alitwambia wazi kwamba kuumia peke yake hakutoshi. Lazima ionekane kwamba Nyumba ilikuwa na wajibu wa kumtunza, ikauacha, na kwa kuuacha ndipo akaoza mgongo. Alikuwa na madaktari wa kusema hivyo. Lakini kampuni nayo ilikuwa na neno moja, nalo lilirudiwa kila ukurasa wa kumbukumbu zao. Amekataa. Kugeuzwa, amekataa. Kuoga, amekataa. Kukaguliwa ngozi, amekataa. "Mtu mzima mwenye akili zake ana haki ya kukataa," Marlys alisema, "na wakili wao atalikalia hilo. Kila kitu kiko mdomoni mwa Mzee Halvor. Akienda pale akasema haikuwa mbaya sana, tumekwisha. Na Orrin pia."

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Ndugu msomaji, ungekuwa wewe, ungelikabidhi jambo la kufa na kupona kwa mtu ambaye hajalalamika tangu azaliwe? Nilijaribu kumfundisha. "Baba, ukiulizwa kama iliuma, sema iliuma." Akaitikia kwa kichwa. "Haya, baba, iliuma?" Akafikiri. "Nimeona mabaya zaidi." Nilitoka nje nikaipiga theluji kwa koleo mpaka hasira ikaisha.

Walimhoji chini ya kiapo kwenye chumba cha mikutano cha maktaba, sio mahakamani, maana huku shahidi huhojiwa kwanza kabla ya kesi kusikilizwa. Alivaa suti ya mazishi ya Ardis. Mimi na Lyle tuliruhusiwa kukaa nyuma, kwa sharti kwamba mimi nisifungue mdomo, na Marlys alinitazama mimi tu aliposema hivyo. Karani alikuwa anachapa kila neno. Wakili wa kampuni, Bwana Kessler, alikuja kwa ndege kutoka kusini, viatu vyembamba vimelowa theluji. Alikuwa na heshima, sitamsingizia. Alianza polepole.

"Bwana Brekke, wahudumu walikuja chumbani kwako?"

"Walikuja."

"Walikuuliza kama unataka kugeuzwa?"

"Waliuliza."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema wasijisumbue."

"Kwa hiyo ulikataa."

"Hapana."

Kessler akaangalia karatasi zake. "Ulisema wasijisumbue."

"Ndiyo."

"Huko si kukataa?"

"Hiyo ilikuwa mara ya kwanza," Halvor alisema, kwa subira, kama anamweleza mtoto namna ya kumkaribia ng'ombe. "Yeye hakurudi kuuliza tena."

Karani, mama wa Hedvik, aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Kessler hakucheka. Akauliza kama maumivu yalikuwa makali kwa nini hakupiga kengele, na Halvor akajibu kwamba wale watu walikuwa na kazi nyingi. Nikamwona Kessler anaandika, ametulia, maana ameshapata alichokitaka: mzee mwenye akili timamu aliyeamua kunyamaza.

Ikafika zamu ya Marlys. Hakuwa na karatasi. Alisogeza kiti akakaa karibu na Halvor, magoti kwa magoti.

"Mzee Halvor, kile kidonda, kilikuuma?"

"Haikuwa mbaya sana."

Nilifumba macho. Lyle akanishika mkono.

Marlys hakuhangaika. Alisubiri, kama mtu anayesubiri kahawa ichuje. "Mzee Halvor. Kilikuuma?"

"Napinga," Kessler akasema. "Swali limeshaulizwa na limeshajibiwa."

"Pingamizi liandikwe," Marlys akamwambia karani, bila kumtazama Kessler. "Mzee Halvor, unaweza kujibu."

Halvor alikuwa anausugua ule mkono wenye kidole pungufu. "Kiasi," alisema. "Kiasi kilikuwa kinauma."

Marlys akainama zaidi, na akauliza kwa sauti ile ile wanayoulizana huku mtu akiwa na birika mkononi:

"Halvor. Kilikuuma?"

"Napinga! Limeulizwa na kujibiwa mara mbili."

Baba mkwe wangu akainua kichwa. "Kiliniuma," alisema. "Kiliniuma mpaka nikawa nang'ata mto. Nilikuwa namwita Ardis. Namwambia njoo unigeuze, mama Lyle, njoo unigeuze, hawa watu hawanigeuzi. Nililia. Mimi. Nilikuwa nalia kila siku, na mtu akichungulia nanyamaza."

Lyle aliinuka akapita mbele ya wakili, mbele ya karani, akaenda kupiga magoti kwa baba yake na kumkumbatia kiuno. Sikuwa nimewahi kuwaona wawili hao wakigusana zaidi ya kupeana mikono. Bwana Kessler alifunga kalamu yake. Alisema hana maswali mengine.

Kampuni haikutaka mambo hayo yasomwe mbele ya baraza la wazee wa mahakama ambao wote wangekuwa watu wa kaunti yetu. Walikubali kulipa kabla ya kesi kusikilizwa, na Marlys hakusaini mpaka waandike pia kwamba zamu zitaongezwa watu, na kwamba mzee asiyeweza kujigeuza atageuzwa na ngozi yake itatazamwa na muuguzi, aseme atakalosema. Wakaguzi wa jimbo nao walikuwa wameshawabana. Orrin siku hizi namkuta amelala ubavu, na juzi alikuwa kwenye kiti, dirishani, analalamikia baridi kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi. Binamu ya mchungaji bado anapika pale na bado anatusalimia. Hata yeye, alininong'oneza kanisani, amepumua.

Kidonda cha mzee kilichukua majira mazima kufunga. Muuguzi alipokuja mara ya mwisho, akatwambia hana tena cha kusafisha, nilimpikia chakula cha sikukuu ingawa haikuwa sikukuu yoyote. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu ile ambulensi. Nilikuwa nimechoka kwa miezi na sikujua kwamba nimechoka.

Asubuhi yake nilimpakulia uji wa shayiri, kama nilivyompakulia kila alipolala kwetu tangu niwe mkwe wake. Alichukua kijiko, akaonja, akakiweka chini.

"Una mabonge, Danuta," alisema.

Lyle aliacha kutafuna.

"Umesemaje, baba?"

"Uji. Una mabonge." Alifikiri, akaona afadhali amalize kabisa. "Una mabonge tangu mwaka mliooana."

Nilibaki nimemtazama, mwiko mkononi, nimekasirika na nimefurahi mpaka sikujua kipi kianze. Halafu nikaumwaga ule uji wote, nikabandika sufuria nyingine.